Nati za Upande wa Kushoto

Siku hizi nati zote za magari zinafunguka upande mmoja, na vijana wa gereji wanadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Wanabonyeza mashine ya upepo, trrr, gurudumu liko chini, tayari wanatazama simu. Siwalaumu. Lakini mimi nilikuwa utingo wa lori kabla sijawa kinyozi, na nilikulia katika enzi ambayo gari lilikuwa na kulia na kushoto kama mtu. Upande wa kulia ulikaza nati kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Upande wa kushoto ulikaza kinyume chake, na ukisahau ulijiaibisha mbele za watu. Mpaka leo nikiwa namnyoa mteja na gari zee likapita nje likikohoa, mkono wangu husimama kidogo. Mteja huuliza kulikoni, nami humwambia atulie, nimemkumbuka Dada.

Mimi na Dada tumeachiana ziwa, yeye akiwa mbele. Alizaliwa mashoto. Iwe kijiko, fagio au jiwe la kumtupia mbuzi, mkono wake wa kushoto ulifika kwanza, na wa kulia ulifuata nyuma kama mgeni asiyejua njia. Kwa watu wengine lingekuwa jambo la kucheka tu. Kwa baba yetu lilikuwa msiba. Baba alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha mbao, mtu wa maneno machache, shati limepigwa pasi hata kama anakwenda kupakia magogo. Alikuwa na sheria moja ndani ya nyumba: kitu hakitolewi wala hakipokelewi kwa mkono wa kushoto. Ukimletea maji kwa mkono huo hakufoka. Aligeuka akatazama ukuta mpaka kikombe kihamie mkono mwingine. Nadhani angekubali kufa kwa kiu na kikombe kiko puani kwake.

Hakuwa mkatili, na nataka hilo lieleweke mapema, maana watu wakisikia habari hii hukimbilia kumhukumu. Aliogopa. Alisema binti akienda kwa watu na mkono ule wataona hakufunzwa, na lawama itamrudia mama yake. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, akawa anamfunga kitambaa mkono wa kushoto wakati wa kula. Dada akajifunza kula kwa kulia. Alikula polepole, akidondosha, macho chini, na alipofika nusu ya chakula chake sisi wengine tulikuwa tumekwisha kunawa.

Mambo mengine hayakufungika kwa kitambaa. Kila kifuniko alichotaka kukifungua, Dada alikikaza. Alizungusha upande wake, kwa nguvu zake zote, na baada ya hapo hata Mama hakukiweza. Nyumbani tulikuwa na utani kwamba ukitaka kitu kisiibiwe, mpe Dada akifungue. Alicheka pamoja nasi, lakini siku moja tukianika nguo aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema hataki Baba ampende zaidi, anajua anapendwa. Anataka mara moja tu katika maisha yake Baba ashike kitu kilichotoka mkono huu bila kutazama ukuta.

Alipokua alipelekwa kujifunza kushona. Huko adui yake alikuwa mkasi. Wasiojua hudhani mkasi ni mkasi, lakini umetengenezewa mkono wa kulia, na ukiushika kwa kushoto unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Fundi cherehani alimvumilia mpaka siku suti ya bwana harusi ilipotafunwa, kisha akamrudisha nyumbani kwa heshima zote. Baadaye sana Dada aliolewa na mtoto wa fundi huyohuyo, naye fundi cherehani. Mungu naye ana utani wake.

Baada ya mkasi, Mjomba alimchukua. Mjomba alikuwa kaka yake Mama, mfupi, mnene, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni na kuchukua muda kufika mdomoni. Alikuwa na gereji ya malori nyuma ya stendi. Naiona sasa hivi nikifumba macho: paa la bati lililotoboka, udongo mweusi wa oili uliokuwa laini kama zulia, injini imening'inia kwenye mnyororo, redio isiyo na mgongo ikiongea peke yake. Harufu ya petroli, grisi na chai iliyochemka kupita kiasi. Vibanda vya simu vimejaa pale leo, na kila nikipita nanusa hewa kama mpumbavu.

Dada alipewa kazi ya kuosha vipuri kwa petroli. Gereji ile ilikuwa na desturi yake kwa kila mgeni, awe fundi au mwosha vipuri. Siku moja ungeambiwa tu, kama vile ni jambo dogo, "Hebu tufungulie gurudumu lile la mbele." Lilikuwa la kushoto, bila shaka. Mgeni angeweka spana, angezungusha kama watu wote wanavyozungusha, na nati ingezidi kukaza. Angetia bomba refu kwenye spana ili apate nguvu, angepanda juu yake, angerukaruka, na wengine bolti iliwakatikia palepale wakaangukia matako. Ndipo angeoneshwa herufi L iliyogongwa kwenye kichwa cha bolti, aambiwe kwamba upande huu dunia imegeuka, na anunulie watu wote soda.

Siku ya Dada nilikuwepo, nimeleta jeki ya Baba kutengenezwa. Mjomba akamkonyeza kila mtu. Mafundi wakaweka zana chini na kujifanya wanatafuta kitu karibu.

"Mpwa wangu," Mjomba alisema, "mikono yangu ina grisi. Nifungulie gurudumu lile."

Dada akachuchumaa. Akaweka spana, akaikamata kwa kushoto, akavuta jinsi alivyovuta kila kifuniko maishani mwake, yaani kwa makosa. Nati ikalia kwii, ikaachia. Akahamia ya pili. Kwii. Mafundi walikuwa wameshajaza hewa kifuani tayari kwa kucheka, sasa hawakujua waipeleke wapi.

Dada akageuka, akawaona wote wamekodoa macho. "Nimeharibu?" aliuliza.

Mjomba akakaa juu ya tairi. Kile kicheko kikaanza safari yake kutoka tumboni, na kilipofika machozi yalikuwa yanamtoka. "Miaka yote hiyo," alisema, "miaka yote hiyo tunamwambia mtoto huyu anakosea, kumbe alikuwa hajapata gari lake!" Soda za siku hiyo alinunua yeye mwenyewe, na Dada alipewa mbili.

Kisha akamweleza sababu, maana Mjomba hakupenda mtu afanye kazi bila kujua sababu. Alisema gurudumu likienda mbele huisukuma nati kidogo kidogo bila mtu kuona. Ukiifunga nati ya kawaida upande wa kushoto, safari yenyewe huilegeza. Kwa hiyo mafundi wa zamani walikata hesi, ile mistari inayoizunguka bolti, kinyume kwa upande huo, ili kadiri gari linavyokwenda nati izidi kukaza. "Kila kilichomo humu kina sababu yake, mpwa wangu," alimwambia. "Hata kile kinachoonekana kimegeuka."

Dada alikuja nyumbani akaisimulia habari hiyo kwenye chakula, macho yanang'aa, akaanza kuonesha kwa sahani jinsi gurudumu linavyozunguka. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbwembwe za mtengenezaji," alisema. "Nati ni nati. Shika sahani vizuri."

Tangu siku ile magurudumu ya kushoto katika gereji ile yakawa ya Dada. Mafundi wenyewe waliyakimbia, maana hata aliyezoea alijisahau akiwa na haraka, na bolti ikikatika ilikuwa taabu kuipata nyingine. Dada hakujisahau kamwe. Hakuwa na cha kusahau. Alizisugua bolti kwa brashi ya waya, akazipaka oili kidogo, akaizungusha nati kwa vidole vya kushoto ikashuka yenyewe kama anakoroga chai. Akimaliza aliigonga kila nati kwa spana na kusikiliza mlio wake. Madereva wa mbali wakaanza kuingia gerejini wakiuliza, "Mashoto yupo?" Jina ambalo utotoni lilimfanya ajifiche nyuma ya mlango likawa jina la kazi, watu wakaliita kwa sauti kubwa toka barabarani, naye akaitika.

Baba tu ndiye ambaye hakumletea gurudumu. Lori lake lilikuwa la zamani kuliko mengi pale, lina pua ndefu na taa mbili zilizochomoza kama macho ya mtu aliyeshangaa. Injini ikiumwa alilileta kwa Mjomba. Gurudumu likiumwa alilifunga mwenyewe kando ya barabara, mimi nikimshikia jeki.

"Shemeji," Mjomba alimtania siku moja, "injini unaniachia, gurudumu unalikalia kama kuku na mayai. Fundi ninaye hapa, tena umemzaa mwenyewe."

"Mkono ule hautafunga gurudumu langu."

"Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Ubusu wewe," Baba alisema. "Mimi nina safari."

Dada alikuwa anaosha vipuri hatua chache kutoka pale. Hakuinua kichwa, ila petroli ilikuwa inamwagika nje ya karai na yeye haoni.

Basi, beringi za mbele za lori zikaanza kulia. Mimi nilikuwa nimelala na homa. Mtu mwingine angelipeleka gari kwa Mjomba, lakini beringi za mbele maana yake ni kuvua magurudumu, na magurudumu maana yake ni Dada. Baba akaamua kuifanya kazi mwenyewe katika uwanja wa kiwanda, akisaidiwa na mlinzi, mtu mwema sana ambaye ujuzi wake mkubwa ulikuwa kufungua geti. Wakavua habu zote mbili, vile vitovu vya gurudumu vinavyobeba bolti, wakazilaza juu ya ubao, wakaziosha, wakajaza grisi. Katika kurudisha, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia ikaenda kushoto. Baba aligundua pale nati zilipokataa kuingia. Kuvua upya kungemla nusu siku, na mzigo ulikuwa unangoja. Akabadilisha nati tu, za huku akazipeleka kule, akazikaza kwa nguvu zake zote. Kwake yeye hesi ya kinyume haikuwa na sababu yoyote, kwa hiyo haikuwa na upande.

Jioni alilileta lori lilale nyumbani, maana tulikuwa tuondoke alfajiri kupeleka mbao ng'ambo ya milima. Dada, ambaye sasa alikuwa kwa mumewe, alikuja kunijulia hali. Alikuwa na tabia ya kulizunguka lile lori kila akija, kama mtu anayesalimia jamaa. Safari hii alisimama upande wa dereva, yaani wa kulia, akainama, akapitisha kidole juu ya vichwa vya bolti. Zote L. Akazunguka upande wa pili, kisha akaja barazani alipokuwa Baba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Baba, habu za mbele zimehama."

"Najua. Nati zimekaza."

"Zimekaza leo. Zitafunguka njiani, pande zote mbili. Naomba nizirudishe, sitakawia."

"Zikikaza zimekaza."

"Baba, ule mteremko wa milimani, gurudumu la mbele likitoka—"

"Nilianza kushika usukani," Baba alisema taratibu, "wewe hujajua kushika kijiko."

 Mimi nilikuwa dirishani na blanketi langu, na nilitamani ningekuwa na homa kali zaidi nisisikie. Dada hakulia. Aliaga kwa adabu, akaondoka upesi kuelekea upande wa gereji.

Alfajiri, homa imeniachia, tulimkuta amesimama kando ya lori na kikapu.

"Baba, naomba lifti. Nakwenda kumsalimia Shangazi."

Shangazi, dada yake Baba, aliishi njia hiyohiyo, na hakuna kilichomfurahisha Baba kama mtoto kumkumbuka shangazi yake. Akamfungulia mlango mwenyewe. Nilipompokea Dada kikapu, bega langu nusura ling'oke.

"Shangazi unampelekea mawe?" nikamnong'oneza.

"Kaa kimya," alisema. Chini ya khanga nikaona mpini wa spana.

Hatukufika mbali Dada akasema ana kiu. Baba akasimama dukani. Dada akashuka, akanunua maji ambayo hakuyanywa, akarudi kwa kupitia mbele ya lori, mkono wake wa kushoto ukipapasa gurudumu kama mtu anayetafuta tu mahali pa kujishikiza. Tukaendelea. Baada ya muda akasema ana kichefuchefu.

Baba akamtazama. Kisha akanitazama mimi juu ya kichwa chake, na nikaona kitu kinapita usoni mwake kama jua linapotoka. Dada alikuwa ameolewa mwaka ule. Mzee alikuwa anahesabu wajukuu. Akaegesha lori polepole, kama aliyebeba mayai badala ya mbao, akamwambia, "Nenda, mwanangu, usiharakishe." Na kuanzia hapo alikuwa tayari kusimama popote, kila mara Dada alipogusa tumbo.

Nilishuka naye. Aliinama karibu na gurudumu akitoa sauti za kutapika, mbaya kabisa, hata mbuzi asingedanganyika, huku spana ikifanya kazi.

"Za kulia zimeachia nusu mzunguko," alisema.

"Mwambie basi."

"Atatazama ukuta."

"Huku hakuna ukuta."

"Atautafuta," alisema, akakaza ya mwisho.

Alizikaza pale, akazikaza tena tulipoanza kupanda mlima. Lakini mzigo ulikuwa mzito na barabara ilikuwa na makorongo, na kila alipozikagua zilikuwa zimelegea zaidi. Niliona midomo yake imekauka. Tulipofika kileleni, pale barabara inapoinama na kushuka bila kupumua mpaka darajani, Dada akaomba tusimame.

"Tutasimama chini, mwanangu," Baba alisema. "Darajani kuna kivuli."

"Simama, Baba."

"Chini pana—"

"Simama!"

Hakuna mtu aliyewahi kumpigia Baba kelele ndani ya lori lake. Mguu wake ulikanyaga breki kabla yeye mwenyewe hajaamua. Dada alinipita juu ya magoti, akashuka, akazunguka mbele akiwa na spana mkononi, hakuificha tena. Baba akatoa kichwa dirishani, akaona utosi wa binti yake umeinama kwenye gurudumu lake. Akafungua mlango, akateremka.

"Unafanya nini hapo?"

Dada akasogea pembeni. "Shika mwenyewe, Baba."

Baba aliinama. Akashika nati kwa vidole viwili, ikazunguka. Akashika ya pili, ikazunguka. Aliigusa kila moja. Kisha akainuka, akatazama ule mteremko. Chini kabisa palikuwa na daraja, na watu wanavuka na vikapu vyao, wadogo kama siafu. Alikaa kwenye ngazi ya lori, shati lake la pasi likagusa matope, na hakulijali.

 Upepo ulikuwa unapiga turubai.

"Kichefuchefu?" Baba akauliza hatimaye.

"Sina kichefuchefu, Baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikacheka. Ilikuwa hofu inatoka, si furaha, lakini nilicheka mpaka nikashika taa ya lori. Baba hakucheka. "Zifunge," alimwambia Dada.

"Kuzifunga hakutoshi. Tuzirudishe habu kwao."

Tukatia mawe nyuma ya magurudumu, tukapiga jeki, tukaifanya kazi ile pale kileleni mpaka jua likavuka kichwa. Dada ndiye aliyeongoza. Baba alifanya alichoambiwa, akanyanyua, akashikilia, akafuta grisi. Ila kila Dada aliponyoosha kiganja chake cha kushoto kutoka chini ya bawa la lori, lile bati linalofunika gurudumu, akiomba nati, Baba aliiweka juu ya bawa. Dada akainuka, akaiokota, akainama tena. Ikawa hivyo kwa kila nati. Sikuwahi kumkasirikia baba yangu kama siku ile. Mtu amekuokoa roho na bado unamfanya aokote. Dada alipomaliza alizigonga zote kwa spana, akasikiliza, akasema tunaweza kushuka. Tulishuka salama, tukapeleka mbao, tukamsalimia Shangazi ambaye alishangaa kuona tumekuja watatu, tumejaa grisi.

Lori lile lilikatwa vipande likauzwa vyuma chakavu. Gereji ilifungwa baada ya Mjomba kufariki, na Baba naye tulimzika, shati limepigwa pasi. Magari yalipoanza kuja na nati za upande mmoja, Dada alifanya kazi miaka kadhaa kama mafundi wengine, kwa shida kidogo, kisha akastaafu. Nikienda kumnyoa mumewe tunakaa nyuma ya nyumba, namuuliza kama anayakumbuka malori yale. Hujibu kwa kuzungusha vidole vya kushoto hewani, taratibu, na sote wawili tunatabasamu kama wazee tulivyo. Hapo huwa namtaka anisimulie siku iliyofuata ile safari. Hukataa. Husema wewe ulikuwepo, simulia mwenyewe.

Ilikuwa mchana. Dada alikuwa amekuja kumrudishia Mama kikapu, na Mama akamwambia asiondoke kabla ya kula. Tukakaa mkekani. Mama alishika mwiko, lakini Baba akaunyoosha mkono akauchukua. Mama alimwachia kwa mshangao, maana mwanamume yule hakuwahi kupakua chakula hata chake. Akajaza sahani wali, akamimina mchuzi, akachagua nyama. Kisha akamnyooshea Dada.

Dada akaipokea kwa mkono wa kulia, kwa adabu, kama alivyofunzwa. Baba hakuiachia. Dada akavuta kidogo, akidhani ameshika vibaya. Baba akakaza. Wakabaki hivyo, sahani katikati yao, mchuzi unatikisika.

"Huo mwingine," Baba alisema.

Dada hakuelewa. Alimtazama Mama, akanitazama mimi.

"Baba?"

"Lete huo mwingine, mwanangu."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, kucha bado nyeusi kwa grisi ya jana. Ukainuka polepole, kama unaogopa kupigwa, ukashika ukingo wa sahani. Hapo Baba akaiachia. Hakugeuza macho.

Dada akaiweka sahani chini. Akakusanya tonge kwa mkono uleule, sote tukimtazama ingawa tulijifanya tunakula. Lakini ule mkono uliolegeza nati zilizowashinda wanaume haukujua njia ya kwenda mdomoni mbele ya Baba. Wali ukamwagika kwenye nguo na mkekani. Akajaribu tena, ukamwagika tena.

"Polepole," Baba alimwambia. "Utazoea."

Dada akainua uso. Machozi yalikuwa yameshashuka mpaka kidevuni.

"Nilikuwa nimezoea, Baba," alisema. "Nilipokuwa mdogo."

Baba akaweka tonge lake chini. "Najua," alisema, na hakuna aliyekula tena mpaka chakula kikapoa.